Kurekodi albamu ya laivu ya roki ya majaribio Dar es Salaam

Bendi ya kawaida ikiharibu kiitikio jukwaani, wiki inayofuata mwimbaji anaingia studio, anarudia mistari minne, na msikilizaji hashtuki. Roki ya majaribio haina mlango huo. Fidibeki (yowe la gitaa na spika vinavyolishana sauti) ya dakika kumi, dramu zinazofukuzana na sinthi, zeze lililopitishwa kwenye pedali tatu: hata aliyevipiga hawezi kuvirudia vilevile. Usiku ule hauna kiraka. Ndiyo maana karibu kila ushauri ulio hapa chini unarudi kwenye kanuni moja: kila sauti iingie kwa njia mbili zisizotegemeana, moja ikifa nyingine ibaki.

King Crimson wa Uingereza wanaonyesha tofauti vizuri. Earthbound ya mwaka 1972 ilitokana na kaseti iliyounganishwa na miksa kwenye ziara ya Marekani, na sauti ilikuwa mbovu kiasi kwamba Atlantic, waliokuwa wakitoa kazi zao huko, waliikataa. Chini ya miaka miwili baadaye ikaja Starless and Bible Black (1974), ambayo sehemu kubwa ilirekodiwa laivu Concertgebouw, Amsterdam, Novemba 1973. Makofi yakaondolewa, na wengi waliisikiliza wakidhani ni kazi ya studio tupu. Wapigaji walikuwa wamebadilika, kweli, lakini kaseti ilibeba mchanganyiko mmoja uliokwisha kuungana, na mchanganyiko wa namna hiyo hautenganishwi tena.

Ukumbi, msimu na saa

Kama tarehe iko mikononi mwenu, chagueni kati ya Juni na Septemba. Kusi inavuma, mvua ni za nadra, joto limepungua. Maiki za kondensa hazitoi mikwaruzo ya unyevu na nyuzi za gitaa hazilegei kila baada ya wimbo. Masika, Machi hadi Mei, kwenye ukumbi wa bati hayana dawa: mvua juu ya bati ni kelele iliyojaa kuanzia sauti za chini mpaka za juu kabisa, na hakuna kichujio kitakachoiondoa bila kuondoka na muziki. Vuli ni bahati nasibu.

Saa nazo zina hesabu yake. Dar jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro mwaka mzima, adhana ya magharibi inafuata papo hapo, na ya isha husikika karibu na saa 2 usiku. Anzeni saa 2 na nusu. Sababu si maiki za chumba peke yake: adhana iliyoingia kwa bahati mbaya katikati ya kelele zenu itabaki kwenye albamu, na majirani watakuwa na haki ya kuuliza mliiacha humo kwa makusudi gani.

Ukienda kuangalia ukumbi, simama katikati upige kofi moja kali. Ukisikia "trrr" fupi inayojirudia, ni kuta mbili za tofali zinatupiana sauti, na sakafu ya vigae inazisaidia. Kanga na vitenge ukutani ni pambo. Hupunguza kidogo sauti za juu kabisa na basi. Kinachofanya kazi ni uzito: mablanketi mazito yaliyoning'inizwa sentimita 10 hadi 15 mbali na ukuta, magodoro mawili nyuma ya ampu ya besi, zulia chini ya dramu. Watu wenyewe humeza sauti nyingi, kwa hiyo ukumbi unaotisha saa 10 jioni ukiwa mtupu usiukatie tamaa. Jukwaa la wazi, mfano pale Nafasi Art Space, Mikocheni, halina tabu ya kuta, ila hapo adui ni upepo na bajaji. Kila maiki ivae sponji.

Panga boi lizimwe. Hili hupuuzwa sana. Mapanga yanayozunguka juu ya dramu yanarudisha sauti kila yanapopita, na maiki za juu zinanasa matoazi yanayotetema kana kwamba yamepitishwa kwenye efekti ya tremolo. Juu ya hapo, upepo unapiga kapsuli na kuacha mivumo ya chini. Kiyoyozi ni afadhali, kwa sababu kelele yake haibadiliki na kelele isiyobadilika inaweza kupunguzwa baadaye. Poozeni ukumbi kuanzia saa 10 jioni, kisha wakati wa onesho kiyoyozi kiwe kwenye kasi ya chini. Kama seti ina sehemu za kimya kabisa, mtu mmoja akae na rimoti.

Vibali havina mjadala mrefu: BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa) kwa ajili ya onesho, taarifa kwa serikali ya mtaa, na usajili wa kazi COSOTA (ofisi ya hakimiliki) chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Lenye utata ni vipande vilivyobuniwa papo hapo. Mtunzi ni nani, aliyeanza, au wote watano? Andikeni karatasi moja kabla ya onesho, kila mmoja asaini, na wageni waalikwa pia wakubali kurekodiwa. Karatasi hiyo baada ya onesho huwa ngumu mara kumi.

Umeme

Anza na LUKU. Inaonekana jambo dogo, ila mita ya ukumbi ikiishiwa saa 3 usiku hakuna ufundi utakaosaidia. Yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja: mitambo, ampu na taa za kilowati 4 zikiwaka saa 6 zinakula yuniti 24, na viyoyozi viwili vikubwa vinaweza kuongeza kiasi kama hicho. Mwombe mwenye ukumbi asome mita mbele yako mchana, na kama hazitoshi nunueni hapo hapo.

Kisha chukua malitimita uende kwenye kila soketi utakayotumia. Kati ya laini na niutro utarajie takriban volti 230. Kati ya laini na ardhi karibu vilevile. Kati ya niutro na ardhi sifuri au volti chache. Ukipata volti 100 na kitu kati ya laini na ardhi, waya wa ardhi haujaunganishwa popote, na majengo ya namna hiyo yapo mengi. Mwite fundi umeme kabla ya kufunga chochote. Mpiga gitaa anayeimba amegusa nyuzi kwa mkono na maiki kwa midomo. Yeye ndiye atakayekuwa waya wa ardhi. Pima pia volti kati ya nyuzi za gitaa na wavu wa maiki, kila kitu kikiwa kimewashwa. Ikizidi volti chache, mtu asiimbe mpaka chanzo kijulikane.

Mvumo wa 50 Hz usitibiwe kwa kukata mguu wa ardhi kwenye plagi. Mafundi wengine hufanya hivyo na mvumo huisha kweli, lakini kinga ya uhai nayo imekwisha. Tumia swichi ya kuinua ardhi iliyo kwenye boksi la DI, kile kisanduku kinachopeleka sauti ya chombo moja kwa moja kwenye miksa. Mitambo yote ya sauti iwe kwenye fezi moja na ikiwezekana itoke soketi za eneo moja. Taa ziende fezi nyingine, hasa zenye dima (swichi ya kufifisha mwanga), kwa sababu gitaa la koili moja hunasa mlio wa dima hata mita kadhaa mbali.

UPS, betri inayoshika umeme ukikatika, ni ya miksa, kompyuta na kinasa tu. Miksa ya dijitali ya chaneli 32 pamoja na kompyuta mpakato hazifiki wati 250, kwa hiyo UPS ya VA 1000 yenye betri zima itawapa kama dakika kumi, muda wa kutosha jenereta kuwashwa. Usiunganishe ampu za gitaa wala spika kubwa humo. Zitaizima papo hapo. Ijaribu saundicheki ikiendelea na kurekodi kukiendelea: chomoa plagi ya UPS ukutani, hesabu mpaka sitini, rudisha, kisha sikiliza faili. Baadhi ya UPS za bei nafuu hutoa wimbi la umeme lisilo laini na huleta mlio kwenye maiki zikihamia kwenye betri; ni heri kulijua hilo mchana. Nyingine hukataa umeme wa jenereta ndogo kwa sababu masafa yake yanapanda na kushuka, zikabaki kwenye betri mpaka inaisha huku kila mtu akidhani zinachaji.

Umeme ukikatika katikati ya kipande, anayerekodi asizime kitu. Ampu zitakufa, mpiga dramu na mpiga zeze wataendelea, watu watapiga kelele, jenereta litaunguruma nje. Kwa muziki wa aina hii hiyo inaweza kuwa dakika bora ya albamu, na bendi ijue mapema kwamba giza likiingia, asiyetegemea umeme anaendelea kupiga. Umeme ukirudi, spika za ukumbi ziwashwe mwisho, la sivyo kishindo kitaingia kwenye kila maiki.

Chaneli 16

Kundi la watu watano linatosha kwenye chaneli 16, na mpangilio ufuatao umebana makusudi:

1 ngoma ya mguu, 2 sneya, 3 na 4 maiki za juu za dramu, 5 besi kwa DI, 6 besi kwa maiki, 7 gitaa la kwanza kwa maiki, 8 gitaa hilohilo kwa DI kabla ya pedali, 9 na 10 gitaa la pili vivyo hivyo, 11 na 12 kompyuta au sinthi kwa stereo, 13 zeze au chombo chochote chenye piezo (kidisi kinachonasa mtetemo), 14 sauti ya kuimba, 15 na 16 maiki za chumba.

Tomu hazina maiki zake. Maiki za juu zikipangwa vizuri zinazibeba: moja takriban mita moja juu ya sneya, nyingine upande wa tomu ya sakafuni, na zote mbili ziwe na umbali uleule mpaka katikati ya sneya, pima kwa kamba. Umbali usipolingana, sneya inafika kwa nyakati mbili tofauti na inakuwa nyembamba kama ya redio.

Maiki ya gitaa, tuseme SM57, ikae sentimita 2 hadi 5 kutoka kitambaa cha ampu, imeelekezwa kati ya kitovu cha spika na ukingo. Kitovuni inachoma, ukingoni inafifia. DI iliyo kabla ya pedali ni bima: ampu ikifa au maiki ikiangushwa, sauti hiyo inaweza kupitishwa kwenye ampu nyingine baadaye. Ila bima hiyo hailipi fidibeki. Fidibeki huzaliwa kati ya spika na nyuzi ndani ya chumba kile, kwa sauti ile, na DI inayo nusu tu ya habari.

Piezo ndiyo inayowatesa wengi. Kidisi cha milimita 27 kilichobandikwa chini ya zeze, kwenye bati au kwenye sufuria kinahitaji kiingilio chenye ukinzani wa megaomu 1 au zaidi. Ukikichomeka kwenye kiingilio cha laini cha miksa, ambacho mara nyingi ni kiloomu 10, besi yote inapotea na kinabaki kitu kikali kama kopo linalokwaruzwa. Tumia boksi la DI la aktivu. Kwa sinthi na kompyuta, kinyume chake: DI pasivu, kwa sababu sauti yao tayari ina nguvu na transfoma iliyo ndani hukata mvumo wa ardhi. Kompyuta ikitoa mlio mwembamba unaobadilika kila ukisogeza mausi, chanzo ni chaja, chomoa uone. Waya wa piezo uwe na ngao na usizidi mita 2 au 3 mpaka kwenye DI. Kidisi kikigongwa kwa fimbo kinaweza kutoa volti kadhaa kwa mpigo, kwa hiyo swichi ya kupunguza dB 20 kwenye DI iwe imewashwa tangu mwanzo.

Ukinunua maiki Kariakoo, nenda na mizani ndogo ya jikoni. SM58 halisi ina gramu 298, SM57 gramu 284. Ikipungukiwa sana ni bandia; ikilingana bado haijathibitika, ila angalau imepita mtihani wa kwanza.

Geini

Geini ni kiasi cha kukuza sauti inapoingia kwenye miksa, na hapa ndipo rekodi nyingi za muziki huu zinapofia. Fundi anapima kwa wimbo wa kawaida, taa ya kijani inawaka vizuri, kisha dakika ya arobaini mpiga gitaa anakanyaga pedali ambayo hakuna aliyeisikia, na chaneli inapasuka kwa dakika sita.

Saundicheki ianze na sauti kubwa kuliko zote. Mwambie mpiga gitaa akanyage pedali zote atakazowahi kuzikanyaga kwa pamoja, afungue volyumu yote, asimame mita moja mbele ya ampu na kuliinamisha gitaa kuelekea spika mpaka lipige yowe lenyewe. Shikilia sekunde ishirini. Yowe la fidibeki hupanda kwa hatua: kwanza noti, kisha oktava yake, kisha sindano ya juu. Kilele cha sindano ile kisomeke kama −12 dBFS, yaani dB 12 chini ya kikomo cha kinasa. Usipunguze pengo hilo. Usiku watu hupiga kwa nguvu zaidi kuliko jioni, dB 3 mpaka 6 ni kawaida, na dB 6 zinazobaki ni za jambo ambalo hamkulipanga. Sehemu za kimya zitaonekana ndogo kwenye skrini, na hazina shida: biti 24 zina nafasi tele chini.

Vinasa vya biti 32 za floti vinasaidia, lakini visiwape usingizi. Vinalinda kile kilichofika kwenye kinasa. DI iliyozidiwa au maiki iliyozidiwa kabla ya hapo imeshapasuka.

Kwenye miksa nyingi za dijitali, X32 ya Behringer ikiwemo, sauti inayokwenda kurekodiwa huchukuliwa baada ya geini lakini kabla ya EQ (kirekebisha sauti za chini na za juu), kompresa (kibana sauti kubwa) na feda (kitelezi cha sauti). Maana yake fundi mitambo akigusa geini katikati ya kipande ili wasikilizaji wasikie vizuri, rekodi inaruka ngazi. Zungumzeni naye kwa heshima kabla ya watu kuingia: "Kaka, geini tumeshazifunga, ukitaka kupandisha tumia feda." Bandika na kipande cha tepu juu ya vitufe kama kumbusho. Akiwa na miksa yake na ninyi yenu, mtahitaji spliti (kigawanya sauti ya kila maiki) yenye transfoma, na volti 48 za fantomu, umeme wa maiki za kondensa, zitoke upande mmoja tu.

Tahadhari moja kuhusu X32: flashi unayoichomeka juu hurekodi stereo pekee. Chaneli zote zinapatikana kwa kadi ya X-LIVE au kwa kebo ya USB kwenda kwenye kompyuta. Wengi wamegundua hilo asubuhi. Miksa ya XR18 inatoa chaneli 18 kwa USB. Soundcraft Ui24R inaandika chaneli 22 moja kwa moja kwenye flashi. Zoom L-20 inaandika kwenye kadi ya SD bila kompyuta kabisa, na kwa mazingira yetu kutokuwa na kompyuta ni faida.

Kwa 48 kHz na biti 24, chaneli moja inakula MB 518 kwa saa. 16 zinakula GB 8.3. Kadi ya GB 64 inatosha kwa mbali, ikiwa ni GB 64 kweli. Kadi bandia zinazodanganya ukubwa zimejaa: zinaandika kama kawaida mpaka zifike ukubwa wao halisi, kisha zinafuta mwanzo au kuandika takataka bila kutoa onyo. Ijaze kadi yote siku moja kabla kwa programu ya H2testw au F3 na uisome tena. Kama chaneli zote zinaingia faili moja, kumbuka kikomo cha GB 4 cha FAT32 (mpangilio wa faili kwenye kadi) na cha WAV ya kawaida: kwa chaneli 16 unakifikia kabla ya nusu saa kupita sana. Kinasa kizuri huanza faili jipya bila pengo. Jaribuni chenu kwa dakika arobaini kabla ya kukiamini.

Kinasa cha pili

Njia ya pili isishiriki chochote na ya kwanza: si umeme, si kadi, si miksa. Zoom H6 yenye betri nne mpya za AA inatosha. Viingilio viwili vichukue stereo ya miksa kama nyongeza tu, viwili, ambavyo ndivyo bima yenyewe, vichukue maiki mbili za kondensa za kwenu wenyewe zilizopangwa kwa mtindo wa ORTF, yaani kapsuli ziko sentimita 17 mbali na pembe kati yake ni digrii 110, juu ya stendi ya mita 2.5 hadi 3, karibu na meza ya fundi.

Mahali pa stendi pana uzito. Live at Max's Kansas City ya The Velvet Underground (1972) ilitoka kwenye kinasa kidogo cha kaseti cha Sony alichokuwa nacho Brigid Polk mezani, New York, Agosti 1970, na mpaka leo unasikia mtu akiagiza kinywaji. Ina haiba yake, hatukatai. Kwenu, kaeni mbali na kaunta na mbali na mlango, na stendi ifungwe kwa kamba ili mtu asiipige kikumbo.

Vinasa viwili havina saa moja. Tofauti ndogo ya sehemu 20 kwa milioni, ambayo ni kawaida kabisa, inakuwa milisekunde 72 baada ya saa moja: mwanzoni sneya zimelingana, mwishoni ni sneya mbili. Mtu apige kofi moja kali mbele ya maiki ya kuimba vyote vikiwa vinarekodi, na jingine mwisho wa onesho. Baadaye lingana kwenye kofi la kwanza, pima pengo la la mwisho, kisha nyoosha faili kwa kiasi hicho, au ikate kati ya vipande na kuisogeza.

Siku yenyewe

Vifaa vilivyotoka kwenye gari au chumba chenye kiyoyozi vifike na vikae kwenye mabegi yaliyofungwa nusu saa mpaka dakika 45. Ukifungua papo hapo, hewa ya Dar inageuka matone juu ya kapsuli baridi na maiki inaanza kupasua kama mafuta ya moto. Pakiti za silika zikae kwenye sanduku la maiki za kondensa mwaka mzima.

Kabla watu hawajaingia, rekodi sekunde 30 za ukumbi mtupu, kiyoyozi kikiwa kama kitakavyokuwa. Huo ndio mfano programu itakaoutumia kupunguza kelele. Anza kurekodi dakika 15 kabla ya bendi kupanda na usizime mpaka watu watoke. Mtu mmoja awe na kazi hiyo peke yake, hedifoni za kufunika masikio, daftari na saa. Aandike muda na kilichotokea: "2:51 besi imekata, 2:53 imerudi", "3:07 kebo ya zeze inakwaruza". Daftari hilo litaokoa siku mbili za kusikiliza.

Kabla ya kuondoka ukumbini, nakili kila kitu kwenye diski mbili na fungua faili chache usikilize mwanzo, kati na mwisho. Diski moja iondoke na mpiga dramu, nyingine na mpiga besi, kwenye vyombo tofauti vya usafiri. Kadi zenyewe zisifutwe mpaka albamu itoke.

Miksi

Watu waliozoea studio huanza na ngoma ya mguu peke yake, wanaisafisha, wanakwenda sneya, na baada ya siku tatu wana vyombo kumi na vinne visafi visivyo na chumba. Anza kinyume. Fungua maiki za chumba pekee, sikiliza kipande kizima, kisha ingiza maiki za karibu moja moja, kiasi tu cha kukuonyesha kile ambacho chumba kimekificha. Kwa kawaida ni ngoma ya mguu, maneno ya mwimbaji na zeze.

Sauti kwenye joto la digrii 30 husafiri kama mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo maiki iliyo mita 10 kutoka dramu inachelewa karibu milisekunde 29, yaani sampuli 1,375 kwenye 48 kHz. Ukiivuta mbele kwa kiasi hicho dramu zinakaza. Ukiiacha, ukumbi unapanuka. Kwenye vipande vyenye mdundo vuta, kwenye vile vya mivumo mirefu acha. Hakuna sheria inayodai albamu nzima iwe namna moja.

Usiweke geti (kinachofunga maiki sauti ikipungua) kwenye maiki ya kuimba. Dramu zinavuja humo, na geti linapofunguka na kufunga chumba kizima kinapumua nalo. Shusha tu kwa mkono pale mwimbaji anapokaa kimya muda mrefu. Sauti za chini zisizo na kazi zikatwe: chini ya 80 Hz kwenye kila kitu isipokuwa besi, ngoma ya mguu, sinthi na maiki za chumba.

Mvumo wa umeme ukiwa umeingia, kata kwa kichujio chembamba kwenye 50, 100 na 150 Hz, lakini kwenye gitaa tu. Noti ya G, kwenye freti ya tatu ya waya wa chini wa besi, ni 49 Hz. Ukikata 50 kwenye besi, kila akigonga noti hiyo itakuwa kama amekosea.

Kompresa ya jumla isizidi uwiano wa 2:1 na kupunguza dB 2 au 3. Spotify husawazisha karibu na −14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti inavyosikika), na wengi huona hiyo ni amri. Albamu yenye dakika za kunong'ona na dakika za yowe inaweza kukaa −17 bila aibu, mradi kilele halisi kisipite −1 dB. Programu ya Reaper inamudu haya yote na ina siku 60 za kujaribu; Ardour ni huria.

Kipande kirefu kinachochosha kiondolewe chote kwenye albamu. Kukikata katikati ili kifupike mara nyingi kunasikika, kwa sababu mwangwi wa kabla ya mkato hauendani na wa baada yake. Kama lazima, kata pale sneya inapogonga, na unganisha kwa milisekunde 10 hadi 30. Makofi yaunganishwe taratibu, sekunde 2 hadi 4.

Urefu wa mwisho unategemea mnakokwenda. Kaseti ya C60 ina dakika 30 kila upande. Santuri ya mizunguko 33 hupendeza kati ya dakika 18 na 22 kwa upande, na ikizidi hapo besi lazima ipungue. Kwa CD, mipaka ya nyimbo ikae kwenye sehemu kamili za 1/75 ya sekunde, la sivyo kutakuwa na "tik" kati ya wimbo na wimbo mahali makofi yanapoendelea. Faili za mtandaoni ziwe WAV ya biti 24: dakika 45 kwa 44.1 kHz ni kama MB 714. Bando likibana, FLAC inapunguza bila kupoteza kitu na Bandcamp wanaipokea. Kabla ya kupakia, weka faili zilizokwisha kutolewa kwenye simu, zipange kwa mfuatano, uvae hedifoni, usikilize sekunde kumi za mwisho wa kila wimbo na kumi za mwanzo wa unaofuata.